Kizunguzungu, Kisunzi na Sikio la Ndani: Uhakiki wa Lugha ya Maagizo ya Tiba ya Nyumbani

Istilahi nyingi zinazojadiliwa na wanalugha hutumiwa na mtu aliyeketi mezani. Zikikosewa, hasara yake ni barua kurudishwa, mwanafunzi kukosa alama, au mkutano kuchelewa kwa robo saa. Lakini yako maandishi ambayo msomaji wake huyasoma akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshikilia godoro kwa mikono miwili kwa kuwa nyumba nzima inamzunguka, na ambaye dakika ile ile atautii mstari anaousoma kwa mwili wake. Hapo neno likikosewa, shingo hulifuata kosa.

Makala haya yanakusudia kuhakiki Kiswahili cha maandishi ya aina hiyo, yaani maelezo yanayomfundisha mgonjwa namna ya kujipunguzia nyumbani kizunguzungu kitokanacho na hitilafu ya sikio la ndani. Hatutaitaja karatasi ya mtu yeyote wala ya idara yoyote, kwa sababu makosa tutakayoyaeleza si ya mfasiri mmoja. Ni ya mazoea. Mifano tutakayoitoa tumeitunga wenyewe ili kuyaonyesha mazoea hayo kwa ufupi.

Hoja yetu ni moja. Wafasiri wetu wamezoea kuitumia nguvu yao yote katika kuitafutia nomino ya kigeni nomino ya Kiswahili. Vitenzi, vihusishi na vielezi huachwa vijiendee kwa kudhaniwa kwamba hivyo kila mtu anavijua. Katika maagizo ya tiba mambo ni kinyume chake: nomino ikikosewa kidogo mgonjwa bado aweza kupona, bali kitenzi au kihusishi kikikosewa tiba yote imeharibika.

1. Jambo Linalosemwa

Kabla ya kuyahakiki maneno, hapana budi kulifahamu jambo lenyewe, kwani mfasiri asiyelielewa jambo hawezi kuuona upungufu wa sentensi yake.

Sikio la ndani lina kazi mbili. Ya kwanza ni kusikia. Ya pili, ambayo wengi hawaijui, ni kuuarifu ubongo jinsi kichwa kinavyosogea. Kazi hii ya pili hufanywa na mirija mitatu iliyopinda mfano wa nusu ya pete, iliyojaa majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji hayo huchelewa kidogo kukifuata, na kuchelewa huko ndiko kunakoufahamisha ubongo kwamba kichwa kimegeuka na kwa upande gani. Karibu na mirija hiyo pana vifuko viwili vidogo, na ndani yake zimo chembe ndogo mno za chokaa zilizolala juu ya utando laini mfano wa utomvu.

Kwa sababu ya uzee, au kugongwa kichwa, au hata pasipo sababu inayojulikana, baadhi ya chembe hizo huweza kubanduka na kuingia ndani ya mrija mmojawapo. Tangu hapo, kila mtu huyo alalapo, ageukapo kitandani, atazamapo juu ya rafu au ainamapo, chembe hubingirika na kuyasukuma majimaji. Ubongo huambiwa na sikio kwamba kichwa kingali kikizunguka, hali miili na macho yasema kimetulia. Matokeo yake ni dari na kuta kuonekana zikizunguka kwa kasi, macho kuchezacheza, na pengine kichefuchefu. Hali hiyo hudumu kwa sekunde kadhaa, kwa kawaida pungufu ya dakika moja, kisha hutulia mpaka kichwa kigeuzwe tena.

Robert Bárány, tabibu aliyepewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa utafiti wake juu ya sehemu hii ya sikio, aliieleza hali hiyo mwaka 1921. Mwaka 1952 Margaret Dix na Charles Hallpike wa London walieleza namna ya kumlaza mgonjwa ili kulitambua sikio lenye hitilafu. Mwaka 1980 Thomas Brandt na Robert Daroff walitoa zoezi la kulala ubavu huu na huu. Mwaka 1992 John Epley wa Marekani alichapisha utaratibu wa kukigeuza kichwa hatua kwa hatua, ili chembe zibingirike kwa uzito wake zenyewe hadi zitoke katika mrija na kurudi katika kifuko.

Tazama basi: tiba hii haina kidonge, haina sindano wala chombo. Inahitaji kitanda na mto. Kinachobaki ni maagizo. Dozi yote ya dawa imo katika sentensi, na ndiyo maana jambo hili si la matabibu peke yao.

2. Jina la Dalili

Neno kizunguzungu limeundwa vizuri. Mzizi wake ni ule wa zunguka na zungusha, ukakaririwa na kutiwa kiambishi ki-, kwa utaratibu ule ule tunaouona katika kichefuchefu na kimbelembele. Neno la Kilatini vertigo, ambalo lugha za Ulaya zimelichukua kuwa istilahi ya utabibu, nalo limetokana na kitenzi vertere, chenye maana ya kugeuza. Kwa umbo, maneno haya mawili ni ndugu, na mfasiri anayeliweka moja mahali pa jingine haonekani kukosea.

Tatizo limo katika matumizi. Aliyeshinda na njaa husema kizunguzungu kimemshika. Aliyeinuka ghafla macho yakaingia giza husema hivyo hivyo. Mjamzito mwenye upungufu wa damu, mgonjwa wa homa, mkwezi aliyetazama chini kutoka kileleni mwa mnazi, na mzee aliyezidisha dawa ya presha, wote husema wanaona kizunguzungu. Wengi wao hawaoni kitu chochote kikizunguka. Wanahisi wepesi wa kichwa, au kwamba wako karibu kuzirai. Neno limepanuka likawa jina la kila hali inayomfanya mtu atafute mahali pa kushika.

Hatuulaumu upanuzi huo. Ndivyo maneno ya watu yanavyoishi. Lakini mfasiri anayekabiliwa na matini inayotofautisha kati ya hali ya jumla na hali mahsusi ya kuona vitu vikizunguka, hujikuta akiandika neno moja mahali pa mawili. Hapo ndipo huzaliwa sentensi ya namna hii: "Watu wengi huchanganya kizunguzungu na kizunguzungu." Msomaji hucheka, kisha huiruka, na akiiruka sentensi hiyo, ameruka onyo muhimu kuliko yote, kwamba tiba inayofuata si ya kila anayejiona mlevi bila kunywa. Mwenye upungufu wa damu akibingirishwa kitandani wiki nzima hatapona, na ugonjwa wake utakuwa umepata wiki nzima ya kuzidi.

Yako maneno mengine. Wapo wanaosema kisunzi, wapo wanaosema masua, na wapo wanaosema kisulisuli. Hili la mwisho wengi wanalijua zaidi kwa maana ya upepo uzungukao, na tungependa libaki huko. Masua ni neno zuri, lakini halikuenea. Maoni yetu ni kwamba kisunzi kitumike kuwa istilahi ya hali mahsusi ya kuona vitu vikizunguka, na kizunguzungu kibaki kuwa jina la jumla. Kisunzi ni kifupi, kinajulikana kwa wasemaji wengi, na hakijabebeshwa maana nyingine.

Tunajua pingamizi itakayoletwa: kamusi huyaweka maneno haya mawili kama visawe. Ni kweli. Lakini kazi ya istilahi mara nyingi ni kuvitenganisha visawe ambavyo lugha ya kila siku haikuwa na haja ya kuvitenganisha. Tumelikubali neno halijoto kwa kile kinachopimwa na kipimajoto, na joto likaendelea na maana zake za kawaida, wala hakuna aliyedhurika.

Hata hivyo hatutaki wafasiri waridhike kwa kupata neno. Mgonjwa hakuhudhuria kikao cha istilahi. Karatasi ikimwambia kwamba tiba hii ni ya kisunzi wala si ya kizunguzungu, haitakuwa imemwambia jambo lolote. Yafaa aulizwe: "Ulalapo au ugeukapo kitandani, je, unaona dari na kuta zikizunguka kwa muda usiofika dakika moja, kisha zikatulia?" Swali hilo linataja tendo, linataja kinachoonekana, na linataja muda. Anayejibu "ndiyo" na anayejibu "hapana" wametenganishwa kwa sentensi moja, bila kamusi. Istilahi iwafae matabibu na walimu katika kuandikiana. Swali limfae mgonjwa. Kuuliza si ujinga, hata kwa karatasi.

3. "Ndani ya Sikio" na "Sikio la Ndani"

Kosa la pili ni dogo kwa macho na kubwa kwa matokeo. Walimu wa sayansi wamekwisha kuzoea kuligawa sikio katika sehemu tatu: sikio la nje, sikio la kati na sikio la ndani. Mgawanyo huo ni mzuri na hauhitaji kubadilishwa. Lakini katika maelezo ya wagonjwa, sikio la ndani hugeuka kwa urahisi likawa "ndani ya sikio". Mfasiri huona amelainisha lugha. Kumbe amebadilisha mahali.

Ndani ya sikio, kwa msemaji wa kawaida, ni pale kidole kinapoingia, pale penye nta, pale anapopachokoa kwa njiti ya kiberiti au unyoya wa kuku. Sikio la ndani liko mbali na hapo. Liko nyuma ya kiwambo, limezikwa katika mfupa wa fuvu, na hakuna njiti wala tone la mafuta liwezalo kulifikia isipokuwa kiwambo kiwe kimetoboka. Anayeambiwa kwamba kizunguzungu chake kinatokana na kitu kilicho "ndani ya sikio" atafanya lile ambalo akili timamu yamwelekeza: atatia mafuta ya nazi ya uvuguvugu, atachokoa, au atasafisha kwa maji.

Tena maji hayo yaweza kumzidishia. Bárány alipokuwa akisafisha masikio ya wagonjwa huko Vienna, aligundua kwamba maji yaliyo baridi au moto kuliko mwili huleta kizunguzungu yenyewe, kwa kuyafanya majimaji ya sikio la ndani yatembee. Kihusishi kimoja kikiwekwa mahali pa kivumishi, mgonjwa anajitengenezea ugonjwa alioukimbia.

Jambo hili huzidi kuharibika pale chembe zinapotafsiriwa. Jina lake la kitaalamu limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya sikio na vumbi. Anayefasiri neno kwa neno hupata "vumbi la sikio", na msomaji huelewa uchafu. Anayekimbilia mfano unaojulikana huandika "mawe ya sikio", na msomaji, aliyekwisha kusikia habari za mawe ya figo, hungoja kupasuliwa. Yote mawili yanavuta picha isiyokuwamo. Chembe hizi si uchafu, kwa kuwa ni viungo halali vya sikio. Wala si mawe, kwa kuwa ni ndogo mno na hazikukua kwa ugonjwa. Tunapendekeza chembe za chokaa za sikio la ndani, na sentensi moja ifuate: "Chembe hizi ni sehemu ya sikio, zimehama mahali pake, na tiba ni kuzirudisha." Kitenzi kuhama kinafanya hapa kazi ambayo nomino zote mbili zilishindwa.

4. "Sikio Bovu" ni Lipi?

Utaratibu wa Epley hutegemea kuujua upande wenye hitilafu, kwa sababu hatua za sikio la kulia ni kinyume cha hatua za sikio la kushoto. Hapo maandishi mengi huridhika kusema "anza na sikio bovu", au "sikio lenye ugonjwa", au kwa Kiswahili cha ofisini, "sikio lililoathirika".

Mgonjwa hujiuliza sikio lake bovu ni lipi, na jibu analo tangu utotoni. Ni lile lililowahi kutoa usaha, au lile asilosikia nalo vizuri, au lile linalovuma usiku. Ole wake, kwani hali tunayoizungumzia haiumizi sikio, haitoi usaha wala haipunguzi usikivu. Sikio lenye chembe zilizohama huenda likawa ndilo analoliona zima kabisa.

Maandishi yalipaswa kuliacha neno bovu na kueleza jaribio lenyewe: "Geuza kichwa kulia, kisha lala chali. Dari ikizunguka, sikio lako lenye hitilafu ni la kulia. Isipozunguka, keti, tulia, kisha jaribu kwa upande wa kushoto." Aidha yafaa msomaji aambiwe kwamba jaribio hilo la kwanza lifanywe mbele ya daktari au tabibu, kwani ni yeye atakayeweza kuyatazama macho ya mgonjwa yanavyochezacheza na kuthibitisha upande. Nyumbani ni mahali pa kuendeleza na kurudia, si mahali pa kuanzia.

5. Vitenzi vya Mwili

Sasa tufike kwenye maagizo yenyewe. Tuchukue sentensi ifuatayo, inayokusanya mazoea yote mabaya: "Geuka kulia, lala chini huku kichwa kikiwa chini ya kitanda, subiri kidogo, kisha geuka upande mwingine."

"Geuka." Mtu anayegeuka hugeuka mwili mzima. Hatua hii inataka mwili ubaki ulivyo na kichwa peke yake kigeuzwe. Kiswahili kinacho kitenzi hicho tayari: geuza kichwa. Tofauti ya ka na za ni tofauti ya shingo na kiuno.

"Kulia." Kiasi gani? Vitabu vya utabibu husema nyuzi 45. Mwalimu wa hisabati ataridhika, lakini mgonjwa hana kipimapembe kitandani. Nyuzi hizo ni nusu ya njia kutoka kutazama mbele hadi kutazama begani, na hivyo ndivyo iandikwe.

"Lala chini." Sakafuni? Na kwa mlalo upi? Hakuna lugha yenye haki ndogo ya kukosea hapa kuliko yetu, kwani Kiswahili kina lala chali, lala kifudifudi na lala ubavu, maneno ambayo mtoto wa darasa la kwanza anayajua. Kuyaacha na kuandika "lala chini" ni kuiacha hazina ghalani na kwenda kukopa pishi moja kwa jirani.

"Chini ya kitanda." Aliyeandika alikusudia kwamba kichwa kishuke kuliko mabega. Alichokiandika ni kwamba kichwa kiingie uvunguni.

"Subiri kidogo." Katika tiba hii muda ni kipimo cha dawa. Chembe zinahitaji nafasi ya kubingirika hadi zisimame, ndipo hatua inayofuata ianze. Kidogo cha mtu mwenye kichefuchefu ni sekunde mbili.

"Upande mwingine." Upande mwingine wa nini: wa kichwa, wa mwili, au wa kitanda? Na je, kichwa kiinuliwe kwanza au kigeuzwe hapo hapo kilipo? Akikiinua, chembe huweza kurudi zilikotoka na kazi yote ikaanza upya.

Sisi tungeandika hivi:

"Maagizo haya ni ya sikio la kulia. Kwa sikio la kushoto, badili kila neno kulia liwe kushoto, na kila neno kushoto liwe kulia.

Keti kitandani, miguu umeinyosha mbele. Weka mto nyuma yako, ili ukilala uwe chini ya mabega, si chini ya kichwa.

Geuza kichwa kuelekea bega la kulia, ukomee nusu ya njia. Bila kukirudisha kichwa, lala chali kwa haraka. Mabega yawe juu ya mto na kichwa kiguse godoro. Dari ikizunguka usiinuke. Ngoja sekunde 30; zikiisha na dari ingali ikizunguka, ngoja mpaka itulie.

Bila kuinua kichwa, kigeuze hadi kielekee bega la kushoto, nusu ya njia. Ngoja sekunde 30.

Sasa geuza mwili wote ulalie ubavu wa kushoto, na kichwa kiendelee kugeuka pamoja na mwili mpaka pua ielekee godoroni. Ngoja sekunde 30.

Inuka polepole uketi kwa upande huo huo wa kushoto, kidevu umekiinamisha kidogo. Usisimame mpaka utulie."

Sentensi hizi hazina istilahi hata moja. Zina chali, ubavu, bega, pua, kidevu na godoro. Hatukulazimika kuunda neno, ila tulilazimika kuuona mwili mbele yetu kila tulipoweka nukta.

Kwa jina la utaratibu wote, baadhi ya wafasiri husema zoezi, wengine mbinu. Zoezi linapotosha, kwa sababu mtu hudhani kwamba kadiri azidishavyo ndivyo apatavyo nguvu. Mbinu ni pana mno. Tunapendekeza mgeuzo, kutokana na geuza: mgeuzo wa Epley. Neno zoezi libaki kwa utaratibu wa Brandt na Daroff, ambao kweli ni wa kurudiwarudiwa: mtu huketi ukingoni mwa kitanda, hulala ubavu mmoja, huketi, hulala ubavu wa pili, mara kadhaa kwa siku na kwa siku nyingi.

6. Maonyo

Sehemu ya maonyo ndiyo huandikwa mwisho, na kwa haraka. Humo tumeona hatari mbili.

Ya kwanza ni maneno mara moja. Yana maana mbili, "mara 1" na "papo hapo", na katika maandishi ya tiba zote mbili hukutana ukurasa mmoja. "Fanya mgeuzo mara moja" na "Nenda hospitali mara moja" zina umbo moja. Msomaji aweza kuuharakisha mgeuzo na kwenda hospitali siku moja tu. Dawa yake ni rahisi: idadi iandikwe kwa tarakimu, na uharaka uandikwe papo hapo au bila kukawia.

Ya pili ni ujumla. "Ukipoteza usawa, au dalili nyingine zikijitokeza, muone daktari." Neno usawa limejaa maana ya haki na ya kulingana kwa binadamu, tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 tumelisikia zaidi majukwaani kuliko zahanati. Mgonjwa hapotezi usawa. Anapepesuka, au anashindwa kusimama bila kushikwa. Na "dalili nyingine" ni zipi? Kizunguzungu huweza kuwa mlango wa kiharusi, na hapo saa moja ina thamani kubwa. Basi zitajwe: uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kulegea, ulimi kuwa mzito, kuona kitu kimoja kuwa viwili, kushindwa kutembea, kichwa kuuma ghafla kwa ukali usio wa kawaida. Mwenye hayo asipande kitandani kujigeuza, aende hospitali papo hapo.

Vivyo hivyo yatajwe magonjwa mengine ya sikio la ndani ambayo mgeuzo hauyatibu. Ugonjwa ulioelezwa na Prosper Ménière mwaka 1861 huleta kisunzi cha dakika nyingi au saa kadhaa, pamoja na mvumo sikioni na kupungua kusikia. Uvimbe wa neva ya sikio la ndani huleta kisunzi cha siku kadhaa bila kukatika. Tofauti ya magonjwa hayo iko katika muda, kwa hiyo maneno "muda mfupi" na "muda mrefu" hayatoshi. Sekunde ziitwe sekunde, na saa ziitwe saa. Na mwenye maradhi ya shingo au aliyeumia uti wa mgongo aambiwe wazi kwamba asijaribu kabla ya kuonana na daktari.

7. Mapendekezo

Watakuwapo watakaosema tunakuza jambo dogo, kwamba mgonjwa mwenye akili atajua tu kwamba kichwa hakiendi uvunguni. Huenda. Lakini mgonjwa huyu si msomaji mtulivu. Dunia inamzunguka, ana hofu, na mara nyingi anasomewa na mjukuu. Maandishi yanayohitaji akili ya msomaji iyasahihishe yamemtwisha mgonjwa kazi ya mfasiri.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kisunzi kikubaliwe kuwa istilahi ya kuona vitu vikizunguka, na kizunguzungu kibaki jina la jumla. Pili, sikio la ndani lisibadilishwe kuwa "ndani ya sikio" katika maandishi yoyote ya afya, na chembe za chokaa zisiitwe vumbi wala mawe. Tatu, orodha za istilahi za tiba zisiishie kwenye nomino. Zitoe pia vitenzi na vielezi vya mlalo na mgeuko, na kuonyesha vinavyotofautiana.

Nne, na hili ni la mfasiri mwenyewe: maagizo ya mwili yasipelekwe kwa mpiga chapa mpaka yamesomwa kwa sauti kwa mtu ambaye hajawahi kuyaona, naye akayatekeleza kitandani mfasiri akimtazama bila kusema neno. Pale mtu huyo atakaposita, au atakapouliza, "Kichwa au mwili?", ndipo penye kosa. Jaribio hilo halihitaji fedha wala kamati. Linahitaji kitanda, mto, na mfasiri aliye tayari kunyamaza.